Saa haipimi sukari, na kihisi kinachopima kina masharti yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako. Matangazo ya saa za mkononi zinazodaiwa kupima sukari ya mwili bila kuchoma kidole yamezagaa kwenye simu za wakazi wa jiji hili, na saa zenyewe zinapangwa mezani Kariakoo pamoja na chaja na makava ya simu. Wakati huohuo wapo wagonjwa wa kisukari wanaovaa vipimo vya kweli, vile vidude vya duara vinavyobandikwa nyuma ya mkono. Wengi wamevipata kwa ndugu aliyeko nje au kwa muuzaji wa mtandaoni, boksi likiwa na maandishi ya Kijerumani au Kiarabu. Watu wanavitia vyote kapu moja. Mnunuzi wa saa anaibiwa hela yake. Mwenye kidude cha mkononi ana kifaa kizuri ambacho masharti yake hakuelezwa, na huyu ndiye anayetutia wasiwasi zaidi.

Kidude hicho tutakiita kihisi. Wapo wanaosema sensa, lakini sensa kwetu ni karani mlangoni na kishikwambi chake.

Tuimalize saa kwanza, haina mengi. Taa ya kijani iliyo mgongoni mwake humulika ngozi na kuhesabu mapigo ya moyo, kwa kuangalia mwanga unaorudi unavyopungua kila damu inapopita. Kazi hiyo inaiweza. Sukari ni habari nyingine. Damu yote ya mtu mzima ni lita 5 hivi. Sukari yake ikisoma 5.0, kwa kipimo chetu cha milimoli kwa lita (mmol/L), glukosi yote iliyomo humo ni gramu 4.5, kijiko kimoja cha chai. Kukitafuta kijiko hicho kwa taa, kikiwa kimeyeyuka kwenye maji, protini na mafuta nyuma ya ngozi yenye jasho, ni kazi ambayo maabara kubwa zimeihangaikia kwa miongo. Ngozi ikipata joto kidogo, au mkanda ukikazwa tundu moja, mwanga unabadilika kuliko unavyobadilishwa na sukari. Tarehe 21 Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa umma kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Saa inayoonyesha tu namba iliyotumwa na kihisi kilichobandikwa mwilini haihusiki na tahadhari hiyo. Yenyewe ni kioo cha kusomea. Lakini anayekuuzia saa peke yake na kuapa kwamba inapima, mwombe aifunge kwenye ndizi mbivu. Ikitoa namba, umeshajibiwa.

Wapo waliojaribu kwa nia njema. Mwaka 2001 FDA iliidhinisha saa iitwayo GlucoWatch, iliyovuta majimaji kupitia ngozi kwa umeme mdogo. Iliwasha ngozi na kuacha wekundu, na mvaaji akitoka jasho iliruka kipimo. Mfikirie aliyeivaa kwenye foleni ya Ubungo mwezi wa pili, saa nane mchana. Haikudumu sokoni. Mwaka 2014 Google ilitangaza lenzi ya jicho ya kupima sukari kwenye machozi. Mwaka 2018 mradi ukasimamishwa, kwa kuwa sukari ya machozi haikufuatana kwa uhakika na ile ya damu. Kama kampuni zenye fedha za aina hiyo zilishindwa, saa ya bei ya kava la simu imepata wapi ujuzi huo?

Sasa kihisi chenyewe. Cha aina inayojulikana zaidi ni kisahani cha milimita 35 kwa upana na 5 kwa unene, kipana kidogo kuliko kizibo cha chupa ya maji. Kigeuze. Katikati ya gundi kunachomoza kiuzi laini chenye urefu wa milimita 5 hivi na upana usiofika nusu milimita. Hicho ndicho kipimo; kisahani kilichobaki ni betri, saketi na redio. Kiuzi hakiingii kwenye mshipa wa damu. Kinakaa kwenye mafuta chini ya ngozi, katika majimaji yaliyo kati ya seli, na sukari hufika huko baada ya kuchuja kutoka kwenye vishipa vidogo.

Juu ya kiuzi kimepakwa kimeng'enya, yaani protini inayochochea kemikali zibadilike, kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho kwa kawaida hupatikana kwa kuvu wa Aspergillus niger. Kimeng'enya hicho huikamata glukosi, na kwa msaada wa oksijeni huigeuza kuwa asidi ya glukoniki na haidrojeni peroksaidi. Peroksaidi ikigusa madini ya platini yenye volti 0.6 hivi, huvunjika na kuachia elektroni 2. Elektroni hizo ndizo zinazohesabiwa. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi, yaani metali kama hiyo inayopokea elektroni, lilichapishwa na Leland Clark na Champ Lyons huko Marekani mwaka 1962, na bado ndilo msingi wa karibu kila kihisi cha sukari kilichoko sokoni. Shida yake kubwa ni kwamba chini ya ngozi oksijeni ni haba kuliko sukari. Ndiyo maana kiuzi hufunikwa na utando wa plastiki unaobana sukari na kuruhusu oksijeni ipite. Njia nyingine, iliyotokana na kazi za Adam Heller, huiacha oksijeni kando na kupitisha elektroni kwenye madini ya osmiamu yaliyofungwa ndani ya jeli, kwa volti ndogo zaidi. Tofauti hii ya volti mwenye duka haijali, lakini tutairudia kwenye dawa, maana huko ndiko watu wanakodanganywa na namba.

Umeme unaotoka hapo ni nanoampea chache, au makumi. Tochi ya simu hutumia zaidi ya mara milioni ya huo. Kwa hiyo jasho likipenya chini ya kisahani, au kiuzi kikijikunja kidogo, hesabu yote inayumba.

Joto ndilo adui wa kwanza, na kwa Dar es Salaam huanza kazi kabla boksi halijafunguliwa. Tafuta kwenye boksi mchoro mdogo wa kipimajoto wenye namba mbili. Aina nyingi zinaandikwa kuanzia nyuzi 2 au 4 hadi 28 au 30. Sasa hesabu: Februari jijini mchana hupita nyuzi 32, na ndani ya boksi la bodaboda lililoachwa juani au kwenye gari lililofungwa vioo ni zaidi sana. Kimeng'enya ni protini, nacho huharibika kwa joto kama ute wa yai unavyoganda. Kikiharibika hakikwambii. Huelekea kutoa umeme pungufu, na sukari inasomeka chini kuliko ilivyo, au kihisi kinakufa siku ya tano badala ya kumi na nne. Mnunuzi analaumu kiwanda, kumbe kifaa kilipikwa njiani.

Kwa hiyo kiwekwe kwenye friji, rafu ya katikati au mlangoni, mbali na sehemu ya barafu, maana kuganda nako kunakiharibu. Umeme ukikatika usilifungue friji ovyo. Asiye na friji anaweza kutumia chungu ndani ya chungu chenye mchanga mbichi katikati, kama wanavyohifadhi insulini, ila ajue kwamba hewa ya pwani ina unyevunyevu na chungu hakipozi hapa kama kinavyopoza Dodoma. Aweke kipimajoto ndani asome mwenyewe. Na ukikitoa kwenye friji, kiache kwenye pakiti yake nusu saa mpaka kizoee joto la chumba. Ukikifungua kikiwa baridi, hewa ya Dar itakitoa jasho palepale, kama chupa ya soda.

Kukibandika ni kazi ya dakika tano ikifanywa bila haraka. Mahali ni nyuma ya mkono wa juu, penye nyama, pasipo kovu wala uvimbe wa sindano za insulini. Osha kwa sabuni ya kawaida isiyo na mafuta. Aliyejipaka mafuta ya nazi au ya mgando asubuhi ajue gundi haitashika. Futa kwa spiriti, kisha subiri pakauke kabisa. Kwa hali yetu ya hewa, simama mbele ya feni. Kwa aina zinazokuja vipande viwili, namba ya utambulisho kwenye kifuko na kwenye kibandikio, kile kifaa cha kukandamizia, lazima zifanane, la sivyo vipimo vitapotoka, kwa kuwa kila toleo lina urari wake wa kiwandani. Kandamiza mpaka usikie "ta!", tulia sekunde chache, ondoa kibandikio. Sindano hurudi na kibandikio, kiuzi peke yake hubaki. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wa gundi. Ukingo ukianza kuinuka siku za mbele, zungushia plasta ya hospitali, lakini usizibe kitundu kidogo kilichoko katikati ya kisahani. Damu kidogo si neno. Damu isiyokoma, king'oe.

Chagua pia mkono. Anayepanda daladala kila siku na kusimama mlangoni, au anayening'iniza mkoba upande mmoja, akiweke upande wa pili. Fremu ya mlango nayo hung'oa vihisi.

Baada ya kuwashwa kuna muda wa kusubiri: dakika 60 kwa aina moja, dakika 30 au saa 2 kwa nyingine. Kwisha kwa muda huo hakumaanishi namba zimetulia. Kiuzi kimejeruhi nyama, na nyama inajibu. Protini hukifunika ndani ya dakika, chembe nyeupe hufika ndani ya saa, na chembe hizo nazo zinakula sukari na oksijeni pale pale. Kwa hiyo saa 24 za mwanzo zichukuliwe kwa tahadhari, hasa namba za chini. Wenye aina inayoanza kuhesabu siku pale tu inapowashwa na simu hubandika kipya jioni wakati cha zamani kinaendelea, wakakiwasha asubuhi. Aina zinazojiwasha zenyewe zikibandikwa hazitoi mwanya huo.

Upo ucheleweshaji ambao hakuna fundi wa kuuondoa. Sukari huchukua dakika 5 hadi 10 kutoka damuni hadi kwenye majimaji yale. Ukiwa umetulia, tofauti haionekani. Lakini simu ikionyesha mshale umeelekea chini moja kwa moja, maana yake sukari inashuka zaidi ya 0.1 kila dakika. Kwa dakika 10 hilo ni pengo la 1.0: kihisi kinasoma 4.6 na damu iko 3.6. Mtu anajiona yuko salama huku mikono inatetemeka. Mwili ukisema sukari imeshuka na namba ikikataa, uamini mwili, kisha choma kidole.

Na kinyume chake ndiko wengi wanakojiumiza. Sukari ikiwa chini ya 3.9, kiwango kinachofundishwa kliniki ni gramu 15 za wanga wa haraka: nusu ya soda ya mililita 300, isiwe ile isiyo na sukari, au vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji. Kisha unasubiri dakika 15 na kupima kwa kidole. Mgonjwa anayetazama simu ataona namba bado inashuka wakati damu imeshapanda. Atamalizia soda, ataongeza andazi, na baada ya saa moja atakuwa na 14. Hapo kihisi kilikuwa sawa. Kilikuwa nyuma tu.

Namba ya chini ya usiku wa manane nayo ina ujanja wake. Ukilalia mkono wenye kihisi, uzito hukamua majimaji na kuzuia mzunguko. Namba huporomoka hadi 3 na kengele inalia. Geuka, subiri dakika chache, ikipanda yenyewe ghafla hukuwa na tatizo. Upungufu mkubwa wa maji mwilini, kwa kuhara au kutapika, nao huvuruga kipimo, na huo si wakati wa kuacha kidole.

Tuje kwenye dawa. Elektrodi yenye volti 0.6 haichagui. Kitu chochote kilicho tayari kuachia elektroni kitaachia, na simu itaandika kuwa ni sukari. Parasetamo ni mmoja wao: vihisi vya zamani vilipandishwa sana na vidonge viwili vya kawaida. Baadhi ya vihisi vipya vimewekewa utando wa kuizuia hadi gramu 1 kila saa 6, si zaidi. Vitamini C inapandisha namba za vihisi vya aina nyingine, na maelekezo ya mojawapo yanataja mpaka wa miligramu 500 kwa siku. Vidonge vyake vya kuyeyusha kwenye maji, vinavyouzwa kama njugu tangu miaka ya korona, vingi vina miligramu 1,000 kimoja. Aspirini inaweza kushusha namba kidogo.

Inayotusumbua zaidi ni haidroksiyurea. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na dawa hii ni miongoni mwa dawa kuu za ugonjwa huo. Kwenye baadhi ya vihisi, haidroksiyurea huonyesha sukari iko juu kuliko ilivyo. Mgonjwa mwenye selimundu na kisukari, anayejichoma insulini kufuatana na namba hiyo, anaweza kujishusha hadi kuzimia. La kusikitisha ni kwamba mgonjwa huyohuyo ndiye angefaidika na kihisi kuliko wengine, maana kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, nacho hakimfai: chembe zake nyekundu hazikai damuni siku za kutosha. Kwa hiyo kabla ya kumnunulia, soma karatasi ya aina hiyo hasa, au mpelekee mfamasia akusomee, ukitafuta jina la dawa hiyo moja. Isipoeleweka, stripu na kidole.

Kuna pia kihisi kinachopandikizwa chini ya ngozi na daktari, Eversense, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa siku 90 na mwaka 2024 kikafikishwa siku 365. Ukubwa wake ni kama kidonge kirefu, milimita 18 kwa 3.5. Hakina betri wala kimeng'enya. Kifaa kinachovaliwa juu ya ngozi hukirushia nguvu kwa sumaku ya redio, kikawasha taa yake ndogo, na kemikali iliyomo hung'aa kulingana na sukari. Pembeni kina pete ya dawa ya deksamethasoni ya kuutuliza mwili usikijengee kovu. Hiki parasetamo haikisumbui kwa njia ile, lakini antibayotiki za kundi la tetrasaiklini hushusha namba zake, na doksisaiklini, ambayo iko kwenye kila duka la dawa, ni ya kundi hilo. Kila aina ina dawa zake. Hakuna orodha moja ya vihisi vyote.

Kuhusu redio, mambo mawili yanatosha. Vihisi vya kusogezea simu vinatumia NFC, masafa ya megahezi 13.56, na umbali ni sentimita chache. Simu nyingi za bei nafuu hazina NFC kabisa; angalia kwenye mipangilio kabla ya kununua kihisi, na vua kava lenye bati au sumaku. Aina hiyo huweka kumbukumbu ya saa 8 tu. Ukilala saa tatu usiku na kusoma saa moja asubuhi, saa mbili za kwanza zimefutika, na huenda ndizo ulizozihitaji. Vihisi vya Bluetooth hutuma vyenyewe, lakini masafa yake hunywewa na maji, na mwili wa binadamu ni maji mengi. Simu iliyo upande wa pili wa kitanda, wewe ukiwa umelalia mkono, itapoteza mawimbi. Na hakikisha unasoma mmol/L. Kifaa kilicholetwa kutoka Marekani husoma mg/dL (miligramu kwa desilita), ambayo ni mara 18: 90 yao ni 5.0 yetu. Kuna vifaa vya kusomea ambavyo kipimo chake hakibadilishwi, na vingine hukataa kihisi cha soko jingine.

Basi kidole kinabaki mwamuzi? Ndiyo, ila kioshwe. Aliyetoka kumenya embe ana sukari kwenye ncha ya kidole, na glukometa, kile kifaa kinachosoma tone la damu ya kidole, itasoma 15 bila kosa lake. Kiwango cha kimataifa cha glukometa kinaruhusu, katika vipimo 95 kwa 100, kupishana na maabara kwa asilimia 15, au kwa 0.83 ikiwa sukari iko chini ya 5.6. Vihisi vizuri vya sasa hupishana kwa wastani wa asilimia 9 hivi. Kwa hiyo kidole 7.0 na kihisi 7.8 hawajagombana, na watu wanang'oa vihisi vizima kwa tofauti ya namna hiyo. Linganisha ukiwa umetulia, hujala ndani ya saa mbili, mshale umelala. Ukipata tofauti kubwa mara tatu hivi ndani ya siku, ndipo ukitilie shaka.

Kwa mwaka mzima vinahitajika vihisi 26 vya siku 14, na ni familia chache zitakazomudu. Lakini siku 14 zinatosha daktari kuona mwendo, alimradi angalau asilimia 70 ya muda huo ina kumbukumbu. Kwa hiyo kihisi kimoja wiki mbili kabla ya kliniki, ukiandika saa ya ugali, ya dawa na ya kutembea, kina faida kuliko vinne vya mfululizo vinavyotazamwa kwa hofu tu. Lengo la watu wazima wengi ni kuwa kati ya 3.9 na 10.0 kwa asilimia 70 ya siku, yaani karibu saa 17. Wazee na wajawazito wana malengo yao.

Tunaulizwa pia kama kihisi cha namna hii kitakuja kwa malaria, homoni au figo. Sukari ilitangulia kwa sababu ni nyingi: insulini ya mtu aliyefunga ni haba kuliko sukari yake kwa mara makumi ya milioni. Kile kipimo cha haraka cha malaria kinatumia kingamwili, nayo ikishakamata protini ya kimelea haiachii. Kipimo kimoja, basi. Kihisi cha kuvaa kinahitaji kitu kinachokamata na kuachia muda wote. Watafiti kama Kevin Plaxco wa California wanatumia nyuzi fupi za DNA juu ya dhahabu, zinazojikunja zikigusa dawa au kemikali fulani, na zimepima dawa ndani ya mishipa ya panya. Tatizo ni kwamba ishara ya nyuzi hizo hufifia na nyuzi zenyewe hubanduka ndani ya muda wa saa nyingi au siku chache. Atakayekuuzia saa ya malaria, ndizi ipo.

Tunachoomba hakihitaji bajeti. Waagizaji na maduka ya dawa yanayouza vihisi wabandike juu ya boksi karatasi moja ya Kiswahili yenye kiwango cha joto, dawa zinazopotosha aina hiyo, kipimo kinachotumika (mmol/L au mg/dL), na neno la kukivua kihisi kabla ya kupigwa picha ya MRI kama karatasi ya kiwanda inavyotaka. Waviuze kutoka kwenye friji, si kutoka kabatini chini ya dirisha. Mnunuzi naye aulize kama kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na asiyeweza kujibu aachwe na bidhaa yake.

Na kile kibandikio kilichobaki mkononi kina sindano yenye damu ndani. Kitieni kwenye galoni gumu la plastiki lenye kifuniko na kulirudisha kliniki. Kikiingia kwenye mfuko wa taka kitafika dampo la Pugu, ambako kuna watu wanaochambua mifuko hiyo kwa mikono mitupu.

Wasalaam,

Mafundi wa vifaa tiba na wataalamu wa maabara,
Dar es Salaam